Dalali wa Laini Ishirini

Mimi nina hasira za karibu. Sifichi, na hata nikificha mama yangu, Bi Mwanabaraka, atatangaza. Husema nilizaliwa ngumi nimezikunja. Kwa hiyo nikikwambia kwamba Jumatatu ile saa tatu asubuhi nilitaka kuitupa seva ya kituo chetu nje dirishani, uniamini. Kilichoiokoa ni nondo za dirisha.

Kituo chenyewe ni kituo cha afya hapa Bagamoyo. Jina silitaji, wenye nacho wapo hai na wanasoma. Mimi ni Sabiha, fundi wa kompyuta, peke yangu kwa kituo kizima. Programu ya kupokea wagonjwa niliiandika kwa mikono yangu, nilipokuwa bado nasoma Dar, na naomba uelewe kwamba ni programu nzuri. Mgonjwa anafika dirishani, mhudumu anatafuta jina lake, faili linafunguka. Daktari analiona chumbani kwake, maabara wanaliona, chumba cha dawa wanaliona. Hakuna tena kukimbia na mabahasha ya kaki kwenye korido.

Basi. Kila siku ilikwenda vizuri isipokuwa Jumatatu. Jumatatu ni siku ya kliniki ya wajawazito, ya presha, ya sukari, na ya kila aliyeumwa Ijumaa akasema ngoja tuone. Wanatoka Kaole, Mlingotini, Kiromo, mabenchi yanajaa mpaka kwenye ngazi. Na ikifika saa tatu, kompyuta zote zinaganda. Madirisha manne ya mapokezi, wahudumu wanne wananiita kwa sauti moja, "Sabihaaa!" Mimi nazima, nawasha, natukana kimoyomoyo, inatembea nusu saa, inaganda tena.

Daktari Abdulnasir, mkuu wa kituo, akaniita. Ni mtu mpole, ila ukianza kumweleza mambo ya kompyuta anavua miwani na kuifuta mpaka umalize.

"Tununue seva kubwa zaidi," akasema.

"Seva haina kosa, Daktari."

"Inakufa kila Jumatatu na haina kosa?"

Nikamweleza. Mafaili yote yamo kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa, ndani ya seva. Kompyuta ikitaka kuuliza chochote huko, sharti ifungue laini kwanza, kama laini ya simu. Kila laini ikifunguliwa, seva inaitengea sehemu ya kumbukumbu yake, hata kama hakuna anayezungumza. Kompyuta zetu ni hamsini na kitu, kila moja inajifungulia laini tatu, nne. Jumatatu laini zinafika mia mbili, na nyingi zimekaa kimya tu. Seva inachoka kwa kuwatunza walio kimya.

"Ni nyumba ya vyumba vinne yenye wageni mia mbili," nikasema. "Ukiwajengea ghorofa, wataleta na ndugu zao."

Hapo akacheka, akavaa miwani. "Sasa dawa yake?"

Dawa yake ni programu ya kati. Inakaa baina ya kompyuta na kanzidata, inashika laini ishirini tu, zipo wazi muda wote. Kompyuta ikiwa na swali inaazimwa laini moja, ikimaliza inarudisha, inapewa kompyuta nyingine. Mimi niliibatiza jina la Dalali. Na kama dalali yeyote, naye ana cha juu chake: kila swali linachelewa chembe ya sekunde kwa kuwa linapita mkononi mwake. Hapo ndipo pa kupima. Uchelewe chembe kwa kila swali, au uzimike mzima mzima kila Jumatatu? Nilipima siku tatu, nikaandika hesabu ukurasa mzima, nikaona Dalali anastahili chake.

Jumamosi nikafanya jaribio. Nikatengeneza wagonjwa wa uongo mia tatu, nikawaingiza wote kwa pamoja. Wallahi seva haikushtuka! Laini ishirini zikawa zinapokezana, huyu anachukua, huyu anarudisha, na wote mia tatu wakahudumiwa kabla sijamaliza kula muhogo wangu. Nilipiga kigelegele. Mlinzi akaja kuuliza nani anaolewa.

Jumatatu ikafika. Saa mbili, shwari. Saa mbili na nusu, shwari. Mimi nimekaa chumba cha seva, mguu juu ya mguu, bibi harusi. Saa tatu kasoro dakika kumi, "Sabihaaa!"

Imeganda. Na safari hii ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Seva yenyewe ilikuwa nzima, imetulia, haina kazi, huku foleni ya kuomba laini ikiwa ndefu kuliko ya wagonjwa. Laini zote ishirini zilikuwa zimeazimwa na hazirudi. Nikafungua orodha ya waliozishika, nikaipanga kuanzia aliyeshika muda mrefu zaidi. Wa kwanza: dirisha la tatu, dakika saba. Wa pili: dirisha la tatu, dakika sita. Wa tatu: dirisha la tatu. Wa nne, dirisha la tatu!

Dirisha la tatu ni la Bi Shufaa.

Sasa huyu Bi Shufaa nikueleze. Ana miaka hamsini na minane, bado miwili astaafu. Amekaa mapokezi tangu kituo kina chumba kimoja na rejista ya mkono. Anavaa vitambaa vya kichwa vya rangi za kuumiza macho, anaandika kwa vidole viwili, na mdomo wake haumuogopi mtu. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walilia. Yeye aliniambia, "Mwanangu, nilijifunza kuishi na mawifi watano, itakuwa hii?" Watu wanalipenda dirisha lake. Unaweza kukuta dirisha la pili halina mtu na la tatu lina watu kumi na wanne, nao wamekaa kwa raha zao.

Nikamchungulia kupitia mlango. Alikuwa amefungua skrini nne kwenye kompyuta yake, moja kwa kila mtu aliyekaa kwenye benchi lake la mbele, ili asiwepo anayejiona amesahauliwa. Na skrini zote nne zikiwa wazi, yeye alikuwa anasalimiana.

Sikwambii salamu za "mambo" na "poa". Alikuwa anamsalimia bibi mmoja wa Kiromo, kaanza na shikamoo, kaingia kwa wazima, akapita kwa mkwe, akaulizia mguu wa mzee, akarudi kwa mbuzi aliyepotea mwezi wa Shaabani. Na laini zangu nne ziko mkononi mwake zinasikiliza habari za mbuzi!

Damu ilinipanda. Nilirudi chumbani, nikachapa orodha ile, nikaipigia mstari mwekundu kila palipoandikwa dirisha la tatu. Chini yake nikaandika: "Mhudumu wa dirisha hili ndiye chanzo cha mfumo kusimama." Nikaipeleka mezani kwa Daktari kabla hasira haijapoa. Hasira hasara, wanasema, lakini wanasahau kusema kwamba hasara mara nyingi inamwangukia mwingine.

Alhamisi Daktari akaniita. Alikuwa ameshaandika barua. Kuanzia Jumanne ijayo Bi Shufaa ahamie stoo ya mafaili ya zamani, kule nyuma, chumba kisicho na dirisha hata la hewa. Dirisha la tatu apewe Fatu, wa dirisha la kwanza, ambaye ana kasi.

"Amepokeaje?" nikauliza.

"Amesoma, akakunja, akaniuliza mama yangu anaendeleaje na macho." Akavua miwani, ingawa sikuwa nimetaja kompyuta. "Sabiha, kesho kaa naye asubuhi nzima. Andika kila anachofanya, ili Fatu ajue pa kufupisha."

Nilitoka pale nimeridhika kidogo, nakiri, na kidogo naona aibu. Kumwondoa Bi Shufaa dirishani ni kumwondoa kwenye watu, na yeye bila watu sijui angekuwa nani. Mumewe alifariki, wanawe wako Tanga na Muscat. Nilijiambia kazi ni kazi.

Ijumaa nikakaa nyuma yake na daftari, saa ya simu mkononi. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Alinisogezea kiti chenye mto.

Mgonjwa wa kwanza kabisa alikuwa mwanamke kijana, amembeba mtoto, mguu wake mwenyewe umefungwa kitambaa chenye damu. Akasema anaitwa Mwanajuma Khamis. Bi Shufaa akaandika jina, na kwenye skrini wakatokea kina Mwanajuma Khamis kumi na mmoja. Nikaanza kuhesabu sekunde.

"Shikamoo Bi Shufaa."

"Marahaba mwanangu. Pole, umefanyaje tena? Wazima huko? Wewe si wa kwa Mikidadi fundi viatu?"

"Hapana, mimi wa Mlingotini. Kwa Bwanausi."

"Bwanausi wa mwani! Ehee. Mama yako bado anaingia majini na mwani wake?"

"Kaacha. Mikono inamuwasha."

"Mwambie apake mafuta ya nazi, asikae kimya. Na baba kapona kile kifua? Alhamdulillahi. Sasa hebu, katika ninyi mabinti watatu, wewe ndiye uliyechomwa sindano mwaka juzi ukavimba uso mpaka macho yakafunga?"

"Ndiye mimi!" Mwanajuma akacheka na maumivu yake. "Kumbe unakumbuka?"

"Nitasahauje? Ulitoka kama andazi."

Akabonyeza jina la saba kwenye orodha. Mara moja, bila kusita. Faili likafunguka, na juu yake maandishi mekundu: asipewe penisilini. Bi Shufaa akayaangalia, akamwita muuguzi kwa jina, akamwambia kwa mdomo pia, ili hata macho yakikosea masikio yasikosee.

Nikaangalia saa. Dakika nne na sekunde kumi. Nilitakiwa kuandika "zifupishwe", kalamu ikagoma.

Kwa sababu wakati huohuo, nikiwa nimekaa palepale, nilikuwa namwona Fatu kwenye dirisha la kwanza. Fatu ni mchapakazi, simsemi vibaya. Amepata mgonjwa, kaandika jina, kafungua faili la kwanza, si lenyewe, kafunga. Kafungua la pili, kauliza mtaa, kafunga. La tatu, kauliza mwaka wa kuzaliwa, mgonjwa haujui, kafunga. La nne ndilo. Vidole vinakwenda mbio, hata salamu hamna, na foleni inasonga. Ukimtazama utasema huyu ndiye mfanyakazi.

Nikaacha kuangalia saa. Asubuhi yote nikawa namsikiliza Bi Shufaa tu, mdomo wazi. Alimjua mzee wa Kaole ambaye kila akija anataja jina la marehemu kaka yake, kwa sababu kadi ya kaka ndiyo iliyobaki nyumbani. Alimjua mama aliyeandikishwa kwa jina la mume wa kwanza na hataki kulisikia. Yote hayo aliyapata katikati ya habari za mwani na mbuzi, hakuna aliyejiona anahojiwa. Mimi nilisoma miaka minne jinsi ya kutafuta kitu kimoja kati ya elfu sitini bila kukosea. Yeye alikuwa anafanya hivyo kwa "wazima nyumbani?"

Saa sita nikaenda mbio chumba cha seva. Nikafungua kumbukumbu za mwezi mzima, na safari hii sikuuliza nani ameshika laini muda mrefu. Niliuliza nani ameifanyisha seva kazi.

Kwa kila wagonjwa mia, dirisha la kwanza lilikuwa limefungua mafaili mia nne na thelathini. La pili, mia tatu na tisini. La nne hivyohivyo. Dirisha la tatu: mia moja na mawili. Nikaangalia makosa, yale ambayo daktari anarudisha mgonjwa mapokezi kwa kuwa faili si lake. Madirisha mengine yalikuwa nayo kumi na tisa, ishirini na moja, kumi na saba. Dirisha la tatu halikuwa na hata moja.

Mtume! Niliyemwita chanzo cha mfumo kusimama ndiye aliyekuwa anaipunguzia seva mzigo kuliko wote. Seva haikuwa na habari na salamu zake. Laini ndiyo iliyokuwa imekaa inasubiri, na laini ile nani aliyeamuru ikae inasubiri?

Mimi. Nyani haoni kundule. Dalali anaweza kuazima laini kwa namna mbili. Anaweza kukupa mpaka ufunge skrini, au anaweza kukupa kwa swali moja tu: uliza, jibiwa, rudisha, ukiwa na lingine njoo tena. Mimi nilichagua ya kwanza kwa sababu programu yangu ilizoea kuiachia laini ikumbuke nani aliye dirishani, na kuibadilisha kungenipa kazi ya kurekebisha mahali thelathini na kitu. Nikaona uvivu wangu si neno. Kwenye majaribio hakukuwa na shida, kwa sababu wagonjwa wangu wa uongo walikuwa wanafungua, wanauliza, wanafunga. Nilikuwa nimeandika wagonjwa mia tatu na hakuna hata mmoja aliyesema shikamoo. Mimi, mtoto wa Dunda, hapahapa Bagamoyo, niliyefinywa masikio utotoni kwa kumpita mtu mzima bila kumwamkia, nilitengeneza mfumo wa Bagamoyo nikasahau salamu!

Nikaenda kwa Daktari hata kubisha sikubisha. Nikamwambia yote. Aliifuta miwani mpaka nikahofia itatoboka.

"Barua imeshasainiwa, na nakala imekwenda kwa bodi," akasema. "Siwezi kuwarudia kwa maneno tu. Jumatatu ndiyo siku yake ya mwisho dirishani. Nionyeshe Jumatatu."

Sikwenda sokoni Jumamosi, sikwenda kwenye arusi ya binamu yangu Jumapili, na mama hajanisamehe bado. Mahali thelathini na nne nilirekebisha, hapa nikimaliza nahamia pale. Kila swali likabeba lenyewe jina la mhudumu, laini isiachiwe kukumbuka kitu. Kisha nikamwambia Dalali: swali moja, laini moja, rudisha. Nikawarudisha wagonjwa wangu wa uongo, lakini sasa kila mmoja nikampa dakika nne za kukaa kimya skrini ikiwa wazi. Hizo ndizo zilikuwa salamu zao.

Jumatatu saa tatu kasoro, Daktari alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu chumba cha seva. Mabenchi yalikuwa yamejaa mpaka kwenye ngazi. Hapa haikuwa tena habari ya seva. Ikiganda, kesho yake asubuhi Bi Shufaa yuko stoo na mabahasha ya kaki, na ni mimi niliyempeleka.

Saa tatu ikapita. Saa tatu na robo. Hakuna aliyeniita.

"Dirisha la tatu?" akauliza Daktari.

Nikamwonyesha. Skrini zilizo wazi, nne. Laini zilizoshikwa, sifuri.

"Ina maana hafanyi kazi?"

"Sikiliza, Daktari."

Kupitia ukutani tukamsikia Bi Shufaa akimuuliza mtu kama yule kijana aliyekwenda Mtwara ameshaoa, na kicheko cha watu wa benchi zima. Sifuri ikabaki sifuri. Kisha kwa kufumba na kufumbua ikawa moja, faili likafunguka, ikarudi sifuri, naye akaendelea na kijana wa Mtwara. Asubuhi ile yote, kwa wagonjwa wote na kompyuta zote hamsini na kitu, Dalali hakuwahi kutoa laini zaidi ya tisa kwa wakati mmoja. Kumi na moja zilikaa bure. Nilitaka kulia kwa jinsi ilivyokuwa nzuri, na uzuri wenyewe nusu ulikuwa wa yule mama nyuma ya ukuta.

"Kwa hiyo ripoti yako ilikuwa ya uongo," akasema Daktari taratibu.

"Namba zilikuwa za kweli. Maneno niliyoandika chini yake ndiyo ya uongo."

"Bodi wataniuliza kwa nini nabadilisha. Nitahitaji maandishi. Yenye jina lako, na yatakaa kwenye faili lako." Akanitazama. "Mkataba wako unaisha mwezi wa tisa, unakumbuka."

Nilikumbuka. Nikavuta kibodi palepale, yeye akiwa amesimama. Niliandika kwamba mfumo ulisimama kwa kosa la fundi, si la mhudumu. Kwamba mhudumu wa dirisha la tatu ndiye pekee asiye na kosa hata moja, nikaweka hesabu zote. Kwamba naomba utaratibu wake wa kupokea wagonjwa usifupishwe, na wenzake wapelekwe wakajifunze kwake. Nikasaini jina langu lote mpaka la babu. Daktari akasoma mara mbili, akaitoa ile barua ya uhamisho kwenye droo, akaiandika "imefutwa", akasaini na yeye.

"Kamwambie," akasema.

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Hasira zangu ni za karibu, lakini radhi zangu ziko mbali, lazima nizifuate kwa miguu. Nilizunguka korido mpaka saa nane. Nilipoingia mapokezi, benchi la tatu lilikuwa limebaki na mama mmoja tu. Chini ya meza ya Bi Shufaa palikuwa na mfuko. Ameshafungasha kikombe chake, kanga ya kujifunika kukiwa na baridi, na picha ya wajukuu.

"Bi Shufaa, huhami," nikasema. "Daktari amefuta barua."

Akaacha kuandika. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa ameogopa siku zile zote.

"Na ile ripoti," nikasema, "iliyofanya uandikiwe barua. Niliiandika mimi."

"Najua."

"Daktari alikwambia?"

"Daktari hakuniambia lolote." Akanigeukia. "Wewe tangu Alhamisi unaniamkia mara mbili. Unaingia asubuhi, shikamoo. Unafika mlangoni kwako, unageuka, shikamoo. Nikasema huyu mtoto kuna kitu kimemshinda kusema."

Sikuwa najua kwamba nafanya hivyo. Haki ya Mungu, sikujua.

"Na bado uliniitikia," nikasema. "Zote mbili."

"Ya kwanza ilikuwa salamu. Ya pili ulikuwa unaniomba radhi. Ningekunyimaje?"

Basi nikalia, mimi Sabiha wa ngumi, mbele za watu. Yule mama wa benchi akasimama, akanishika bega, akauliza kwa huruma nimefiwa na nani.

"Hajafiwa," Bi Shufaa akamjibu, huku anajifuta jicho kwa ncha ya kitambaa chake cha manjano. "Kachoka tu, hajala tangu asubuhi. Sabiha, sogea mwanangu, unaniziba. Karibu, mama. Habari za huko? Wazima wote?"

Nikasogea, nikakaa kwenye benchi lake mpaka wakamaliza kusalimiana.